Chai Niliyoikuta Imezikwa

Mama mkwe wangu hapendi chai isiyo na maziwa, na mimi nilikuwa simpendi yeye. Tuanzie hapo, tusizungushane. Alishuka kwenye basi la kutoka Mwamapalala mwezi wa saba, watu wakiwa wameshauza pamba, mkononi ana dumu la maziwa ya mgando na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Hata kabla hajakaa akaniangalia tumboni. Siyo usoni, tumboni. Nilipiga magoti nikamwamkia, "Mwadila, mayu," naye akaitikia macho yakiwa palepale kwenye kitenge changu, kama mtu anayekagua gunia kabla ya kulinunua.

Nilijua kilichomleta. Nilikuwa na miaka sita ya ndoa pale Bariadi na nyumba haina mtoto. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa anapiga simu kila Jumapili kumuuliza mdogo wake kama hajachoka kula ugali na mtu mmoja. Tayari walikuwa wamemwona binti mmoja huko Zagayu, mnene, mchapakazi, wa ukoo wenye uzazi. Kilichobaki ni mama mkwe aje aniangalie kwa macho yake, akae wiki mbili, kisha atoe neno. Neno lake ndilo lingeamua, kwa sababu mume wangu ni mtu wa kukubali. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia oa, ataoa, halafu atakuja kukuomba msamaha huku bibi harusi anashusha mabegi.

Wasichokijua wote hao ni kwamba mimba nilishashika, tena mara tatu. Mbili ziliharibika mapema. Ya tatu ilifika miezi mitano na ilikuwa imeshaanza kucheza. Tulikwenda hospitali asubuhi, tukarudi jioni nikiwa mtupu, na njiani mume wangu akasema, "Tusiwaambie. Tuseme malaria." Aliogopa maneno. Huko kwao mimba ikitoka, lazima apatikane mtu wa kusingiziwa. Basi ikawa malaria. Mama yake akanitumia pole ya malaria, wifi akanitumia pole ya malaria, na mimi nikazipokea zote na kusema wabeja, asanteni, naendelea vizuri. Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia hilo.

Chai niliianza baada ya hapo. Nilikuwa nimerudi kazini, masijala, nashinda natafuta mafaili ya watu, na nikifika nyumbani sina cha kufanya isipokuwa kugombana na mume wangu, kazi ambayo naiweza. Jirani yangu, mke wa mwuza vitambaa, Mwislamu mwenye asili ya Tanga, akaniona siku moja nimekaa kibarazani nang'oa kucha kwa meno. Akaniita kwake. Akanimiminia kwenye bilauri kitu cha rangi ya asali chenye povu jembamba. Nikakinywa. Kilikuwa kichachu, kitamu, kinachomachoma ulimi.

"Nini hiki?"

"Chai."

"Chai gani hii, shoga? Chai imefanywa nini?"

Akacheka, akafunua jagi kubwa la kioo. Ndani, juu ya chai, ilielea ngozi nene, nyeupe kama ya maziwa yaliyopoa, inateleza, na chini yake inaning'inia nyuzi za kahawia. Nilitaka kutapika. Akaniambia ndiyo hiyo inayochachusha. Unachemsha chai ya rangi, unatia sukari nyingi, unaiacha ipoe kabisa, unaiweka ngozi, unafunika kwa kitambaa ili ipumue, unaiacha gizani. Kila mara inaota ngozi nyingine juu ya ile ya kwanza. Alinikatia kipande akakitia kwenye kopo la jamu, akaninyooshea kidole. "Siku tano, sita, basi. Ukiiacha sana inakuwa kileo, na mimi sitaki kuulizwa siku ya kiama kwa ajili yako."

Mimi niliiacha siku kumi na mbili. Nani angeniuliza?

Nilikuwa hodari, na sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli. Nilijaribu na tangawizi, nikajaribu na ukwaju, nikajaribu na maganda ya nanasi mpaka chupa moja ikapasuka jikoni na kurusha kizibo kwenye dari. Niliacha kununua soda. Halafu nikahamia kwenye kokteli. Chai kali iliyopoa, limao, asali ya Maswa, barafu, na funda moja la ile pombe nyeupe ya dukani; au chai chachu ya siku kumi na mbili na juisi ya pasheni, na pombe kidogo juu. Wafanyakazi wenzake mume wangu walianza kuja Jumamosi bila kualikwa. Walikuwa wanasema shemeji ana mkono. Mume wangu akawa anajisifu, eti "nyumbani kwangu", utadhani yeye ndiye aliyekuwa anachuja.

Ila jagi lenyewe sikumwonyesha mtu. Lilikaa chini ya kabati la jikoni, upande wa gizani, limefunikwa kwa kipande cha khanga yangu na kufungwa kwa mpira. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilichuchumaa pale, nikafunua kidogo, nikachungulia ngozi imekua kiasi gani. Nilikuwa nikiisemesha. Ndiyo, niliisemesha, kuna ubaya gani? Nilikuwa nasema, "Leo umenenepa wewe," kisha nafunika.

Sasa, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wangu hakusubiri kupewa. Siku ya tatu alikuwa ameshapanga upya sufuria zangu, amehamisha chumvi, ameuambia ufagio wangu kuwa haufai. Chai ya rangi niliyompa asubuhi aliitazama akauliza kama ng'ombe wa Simiyu nzima wamekufa. Kwao chai ni maziwa yanayochemka, majani ni ya kutia rangi tu. Nilimwambia hapa ni mjini. Akaniambia mjini ndiko watu wanakokunywa maji ya kuoshea vyombo. Nikaondoka na mkoba wangu kwenda kazini, nikatukana njia nzima.

Kilichoniudhi zaidi ni kule kutazama kwake. Hakuniuliza kitu. Mwanamke yule ni mkunga, kazalisha nusu ya Mwamapalala, macho yake yameshafifia lakini ana namna ya kukutazama hatua zako, unavyoinama, unavyonyanyua ndoo, mpaka unajiona uko uchi. Asubuhi nilipochuchumaa kwenye kabati nilimhisi mlangoni. Nikigeuka, hayupo. Nikajua tu anakusanya ushahidi, akirudi kwao aseme: hazai, hapiki chai, anaongea na kabati.

Ikafika Ijumaa. Kesho yake wageni wa mume wangu walikuwa waje, safari hii na bosi wao, na wiki ile nilikuwa nimetia rozela kwenye jagi. Ilikuwa imetoka nyekundu, nyekundu kabisa, sijawahi kupata rangi kama ile. Nilitoka kazini mapema ili nianze kuchuja. Nikaingia jikoni, nikachuchumaa, nikapeleka mkono. Hakuna kitu. Nikanyanyua macho. Jagi langu lilikuwa juu ya kichanja cha vyombo, limeoshwa, limegeuzwa kichwa chini, linang'aa.

"Mayu!" Niliita kwa sauti ambayo mkwe haitwi. "Kilichokuwa humu kiko wapi?"

Alikuwa amekaa uani anachambua mlenda. Hakushtuka. Akasema taratibu, kwa Kiswahili, lugha ambayo hunisemesha akiwa hataki mchezo, "Nimekipumzisha."

"Umekimwaga?"

"Nimesema nimekipumzisha."

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Karibu na ukuta wa bafu, chini ya mpapai, udongo ulikuwa mbichi, umeshindiliwa vizuri kwa kiganja, alama za vidole zinaonekana. Juu yake kaweka jiwe bapa. Damu ilinipanda. Nilijua, au nilidhani najua: kaona kitu kigeni gizani, kasema uchawi, kakizika ili kisimdhuru mwanawe, na kesho wifi atajua, na keshokutwa Zagayu nzima itajua kwamba mke wa Bariadi anafuga madude kwenye kioo. Wiki nzima ya kazi yangu ipo chini ya jiwe, na juu ya hasara hiyo nimekuwa mchawi!

Nikachukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta. Nikalipiga lile jiwe teke. Nilishainua jembe aliponifikia. Sikujua mwanamke wa umri ule anaweza kukimbia. Alishika mpini kwa mikono miwili, tukavutana, yeye anasukuma kifua chake kwangu, mimi namsukuma na bega, kilemba chake kimeanguka. Mkwe na mkamwana wanagombea jembe mchana kweupe, jirani yangu wa Tanga ameshatokeza kichwa juu ya ukuta. Aibu hiyo sitaisahau. Wala sikuachia.

"Hufukui!" alikuwa anasema. "Hufukui, ng'o! Utanipiga mimi kwanza. Aliyezikwa hafukuliwi."

"Aliyezikwa nani? Ni chai!"

"Usinifanye mtoto mdogo. Nimepokea makondo ya nyuma kabla mama yako hajakuzaa. Nikiona najua."

"Ni chai, mayu! Chai! Majani ya dukani na sukari na rozela! Muulize huyo hapo ukutani, yeye ndiye aliyenipa. Umezika chai!"

Jirani yangu, maskini, akaitikia kwa kichwa. "Ni chai kweli, mama," akasema, kisha akazama upande wake, na sikumlaumu.

Mama mkwe aliachia mpini. Ndipo nikaelewa alichokuwa amekitazama wiki nzima. Alimwona mkamwana anaamka, anakwenda gizani kabla hajaongea na mtu, anafunua khanga, anachungulia, anasema neno la upole ambalo hamwambii mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba ile, anafunika, anafuta macho. Sikujua kama nilikuwa nafuta macho. Yeye aliona. Halafu siku ile mimi nikiwa kazini akafunua na yeye, akakuta nyama laini yenye kamba zake ndani ya maji mekundu. Kwa macho yake yale, na kwa kazi yake ile, angeona nini kingine?

Mimi ni Msukuma wa Ipililo, najua mambo yanavyokwenda, ijapokuwa nilikulia bweni. Kondo la nyuma huzikwa nyumbani. Na mtoto aliyetoka kabla ya siku zake, huko Mwamapalala huzikwa na wanawake peke yao, kimyakimya, jirani na nyumba, bila kilio na bila wanaume. Haachwi hivi hivi. Mwanamke anayemweka ndani bila kumzika, walisema wakubwa wetu, hawezi kupata mwingine, kwa sababu huyu wa kwanza bado hajaondoka mlangoni. Alidhani nimeshindwa kuachana naye. Alidhani nimemweka kwenye chupa kwa uchungu. Akamvika khanga yake mpya, ile aliyokuja nayo ya kwendea kanisani, akachimba mwenyewe kwa magoti yale mabovu, akanizikia.

Lakini hayo nayaandika leo nikiwa nimepoa. Siku ile nilikuwa bado nina jembe mkononi na mdomo wangu haukuwa umechoka. Nikamwambia ameniharibia, amekuja kunichunguza kama ng'ombe wa mnadani, nikamwambia arudi kwake akamwoze mwanawe kwa huyo wa Zagayu, kwaheri ya kuonana. Nilisema mengi. Mengine siwezi kuyaandika kwa sababu watu wa kwetu wanajua kusoma.

Akaacha nimalize. Akaokota kilemba chake, akakikung'uta, akakifunga. Kisha akaniuliza swali moja.

"Sawa, ni chai. Na wa kwako walimzika wapi?"

Nikasema, "Wa kwangu yupi?"

"Wa ile malaria."

Nilitaka kumwambia hakuna kitu kama hicho. Nilitafuta uongo, na mimi uongo siukosi, nikaukosa. Mtu aliyepokea watoto miaka arobaini utamdanganya nini? Alikuwa anajua tangu siku aliyonitumia pole. Kule kunitazama tumboni kituoni, alikuwa hatafuti kilichopo. Alikuwa anatazama kilichopita hapo.

"Sijui," nikasema. "Waliniambia nisaini. Nikasaini. Sikuuliza wanampeleka wapi."

"Mume wako?"

"Hakuuliza."

Akavuta pumzi, akamtukana mwanawe kwa Kisukuma, tusi moja fupi ambalo nalifurahia mpaka leo. Halafu akachukua jembe mkononi mwangu, safari hii bila kuvutana, akarudisha udongo tuliouvuruga, akapiga magoti akaushindilia tena kwa viganja. Akalirudisha na jiwe lile bapa mahali pake. "Basi atakuwa hapa," akasema. "Na chai yako humo humo. Mahali ni mahali."

Asije mtu akadhani tulikumbatiana. Jumamosi wageni wakaja, bosi akauliza iko wapi ile chai maarufu, mume wangu akanitazama, nikamwambia mbele yao aende dukani akanunue soda. Mama mkwe aliwachemshia chai ya maziwa yenye mafuta juu, wakanywa vikombe viwili viwili, bosi akasema hajanywa chai kama hiyo tangu utotoni, na mimi nikachukia upya kabisa. Hamu ya kumsamehe ilikuwa imeanza kunijia, ikarudi ilikotoka. Mpaka leo akija kwangu chumvi naikuta imehama.

Jumapili, saa ile ile ya kawaida, wifi akapiga. Mume wangu akaweka simu mezani kwa sauti kubwa, kwa sababu alishazoea kutosikiliza. Tulikuwa wote watatu sebuleni. Wifi hakupoteza muda. Akamwuliza mama yake ameonaje, maana watu wa Zagayu wanataka jibu, binti wa watu hawezi kukaa anangoja.

Mama mkwe alikuwa na ushahidi wote aliouhitaji. Nilimtukana, nilimsukuma, nilimwinulia jembe. Neno moja tu, na mimi ni wa kurudi Ipililo na mabegi yangu.

"Waambie wamwoze kwingine," akasema.

"Mama! Kwani huyo amefanya nini cha ajabu? Miaka sita hajazaa."

"Amezaa."

Mume wangu aliinua kichwa.

"Amezaa nani, mama? Lini? Huyo mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya nyumba," mama mkwe akasema. "Nimemzika mimi mwenyewe, kwa khanga yangu. Mjukuu wangu. Na wewe ukipiga tena simu hapa kumwita huyu tasa, utanijibu mimi."

Alijua ni chai. Nilikuwa nimemwambia kwa kupiga kelele, na shahidi akatokeza ukutani. Mume wangu alianza kulia, kimya, mikono imelala magotini, na huyo ndiye aliyekuwa amesema malaria. Mimi nilifungua mdomo, kwa kuwa katika maisha yangu sijawahi kumwachia mwanamke yule neno la mwisho. Nikaufunga. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amesema kwa sauti, mbele ya watu, kwamba nina mtoto.